Nani Hukata Shauri la Fedha za Isiolo?

Watu wengi wa Isiolo, hata baadhi ya wale waliosoma na wenye kazi za kalamu maofisini, hudhani ya kuwa fedha za kaunti hugawanywa na Gavana kama baba mwenye nyumba agawavyo nyama kwa watoto wake. Mtu wa Sericho akikosa maji humlaumu Gavana. Mtu wa Oldonyiro akiona njia imekatwa na mvua humlaumu Gavana. Na mtu wa Bulla Pesa akiona taa ya njiani imewashwa humshukuru Gavana. Lawama hizo na shukrani hizo zina haki kwa sehemu, lakini hazimpasi mtu mmoja peke yake. Gavana na mawaziri wake huandika makadirio ya fedha. Wenye kuyakubali, kuyakataa au kuyageuza ni wengine, nao hufanya hivyo kwa kura.

Hao wengine ndio Bunge la Kaunti ya Isiolo. Bunge hilo lilizaliwa baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, uchaguzi mkuu wa kwanza uliofanywa chini ya Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Katiba hiyo iliigawa nchi ya Kenya kuwa kaunti 47, na kila kaunti ikapewa bunge lake. Isiolo ina wadi 10. Wadi 7 zimo upande wa Isiolo Kaskazini, nazo ni Wabera, Bulla Pesa, Chari, Cherab, Ngare Mara, Burat na Oldonyiro. Na 3 zimo upande wa Isiolo Kusini, yaani Garba Tulla, Kinna na Sericho. Jina la Wabera hutamkwa kila siku na watu wasiokumbuka lilikotoka. Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa DC wa Isiolo, naye aliuawa mwezi wa Juni mwaka 1963, wakati shauri la nani atawale nchi ya kaskazini lilipokuwa likitokota.

Kila wadi huchagua mwakilishi mmoja. Juu ya hao huongezwa wawakilishi wa kuteuliwa, ambao vyama vya siasa hugawana viti vyao kwa kadiri ya viti vilivyovishinda katika wadi. Sababu za kuwaongeza ni mbili: kwanza, wanaume au wanawake wasizidi theluthi mbili ya bunge, pili, watu wenye ulemavu, vijana na watu wa jamii zilizoachwa nyuma wapate kusikiwa. Wako watu wanaowadharau wawakilishi hao, wakisema kwamba hawana wadi na kwa hiyo hawana neno. Hilo ni kosa. Siku ya kura, kura ya aliyeteuliwa huhesabiwa sawasawa na kura ya aliyechaguliwa, na katika bunge dogo kama la Isiolo kura hizo zaweza kuinua hoja au kuiangusha.

Yuko pia Bwana Spika, ambaye huchaguliwa na wawakilishi wenyewe, lakini yeye si mmoja wao wala hana wadi. Kazi yake ni kushika kanuni na kutoa nafasi ya kusema. Spika hana kura. Ikitokea waliosema ndiyo na waliosema la wamelingana hesabu, Spika hawezi kuongeza ya kwake ili kuwaamua: hoja imeanguka.

Ili msomaji apate kuona uzito wa jambo hili, yafaa akumbuke mambo yalivyokuwa hapo zamani. Mabaraza ya wenyeji yalianzishwa katika Kenya miaka ya 1924 na 1925, na mwaka 1950 yakageuzwa kuwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika. Mwenyekiti katika baraza lile la kwanza alikuwa Bwana DC mwenyewe, na neno lake lilikuwa zito kuliko maneno ya wajumbe wote. Isiolo, tena, haikuwa wilaya kama nyingine. Ilikuwa makao makuu ya nchi ya mpaka wa kaskazini, nchi iliyofungwa, ambayo mtu hakuingia wala kutoka ila kwa ruhusa. Baada ya Uhuru, vita vya shifta viliiharibu nchi hiyo, na waraka wa serikali wa mwaka 1965, ule Nambari 10, ukasema kwamba fedha za maendeleo ziwekwe mahali penye ardhi nzuri na mvua, mahali zitakapozaa haraka. Mfugaji wa Merti hakuhitaji kuusoma waraka ule ili ajue ulisemaje. Aliuona katika barabara isiyofika kwake.

Hata halmashauri ya kaunti iliyokuwapo Isiolo mpaka mwaka 2013 haikuwa na mamlaka kamili juu ya mfuko wake. Madiwani walijadili na kupiga kura, lakini makadirio yao ya fedha yalipelekwa Nairobi, kwa Waziri wa Serikali za Mitaa, naye ndiye aliyeyaidhinisha. Tangu mwaka 2013 ruhusa hiyo ya waziri haipo tena. Kura ipigwayo Isiolo ndiyo yenye nguvu, na kwa sababu hiyo makosa ya kura hiyo pia ni ya Isiolo.

Fedha zenyewe si haba. Katiba yaamuru kwamba kaunti zote pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya serikali kuu, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Taifa. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 kaunti zote 47 ziligawiwa shilingi bilioni 370, na fungu la Isiolo lilikuwa kama shilingi bilioni 4.7. Kwa hesabu ya watu iliyofanywa mwaka 2019, Isiolo ilikuwa na watu 268,002, nao wametapakaa katika nchi ya kilomita za mraba zipatazo 25,000. Juu ya fungu hilo kuna mapato ya kaunti yenyewe: ushuru wa soko la mifugo, leseni za maduka, kodi za viwanja, na zaidi ya yote ada za milango ya mbuga za Buffalo Springs na Shaba. Mapato haya hutegemea wageni. Mwaka 2020, watalii walipokosekana kwa sababu ya maradhi ya korona, fedha za milangoni zilipungua, na mipango iliyokuwa imeandikwa kwa matumaini yake ikabaki katika karatasi.

Sasa fedha hizo hufikaje kwenye kura? Njia yake ni ndefu, na kila hatua ina tarehe yake katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Mwaka wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya tarehe 1 Septemba serikali ya kaunti huleta mbele ya bunge mpango wa mwaka utakaofuata, ambao hutoka katika mpango mkubwa wa miaka 5. Kabla ya mwisho wa Februari huletwa waraka wa mwelekeo wa fedha, wenye kusema ni kiasi gani kitakwenda katika afya, maji, mifugo, barabara na kadhalika. Bunge hupewa siku 14 kuujadili. Kabla ya tarehe 30 Aprili huletwa makadirio yenyewe, kitabu kinene chenye safu za tarakimu. Na kabla ya tarehe 30 Juni bunge hupitisha sheria ya kuidhinisha matumizi.

Aghalabu wananchi huja mwezi wa Juni, wakati kelele zimekuwa kubwa. Wakati huo wamechelewa. Ule waraka wa Februari ndio unaoweka mipaka ya kila idara, na idara ya maji ikikatiwa fungu dogo mwezi wa Februari, hapana hotuba ya Juni iwezayo kulikuza bila taabu. Karani yeyote aliyewahi kufanya kazi ya hesabu ajua jambo hili: safu ikishafungwa chini, kuongeza juu ni kazi.

Na taabu yenyewe ni hii. Sheria haimruhusu mwakilishi kuongeza fedha za jambo moja bila kuonyesha zitakakopunguzwa. Na ichukuliwe kwa mfano kwamba mwakilishi wa Sericho ataka kisima kimoja cha wadi yake kipate injini mpya na mabirika ya kunyweshea, na kitabu cha makadirio hakikukitaja. Asimame aseme, kwa maneno matamu na kwa machozi akipenda, kwamba ngamia wanakufa na akina mama wanakwenda mwendo wa siku nzima kutafuta maji. Wenzake watamsikia, kwa kuwa wengi wao wanatoka katika nchi kama yake. Lakini Kamati ya Bajeti itamuuliza swali moja tu: fedha hizo zitoke wapi? Zikitoka katika zahanati ya Kinna, mwakilishi wa Kinna atapinga. Zikitoka katika mifereji ya mashamba ya Burat, mwakilishi wa Burat atapinga. Zikitoka katika safari, chai na samani za ofisi, hakuna mwakilishi wa wadi atakayepinga kwa sauti, lakini maofisa watasema kwamba ofisi haiwezi kwenda bila vitu hivyo. Yafaa isemwe wazi kwamba mara nyingi fungu hilo la mwisho ndilo linaloweza kupunguzwa bila mtu kufa kiu.

Mwakilishi mwerevu, kwa hiyo, haji barazani na kilio peke yake. Huja na namba ya ukurasa. Huonyesha safu ya kupunguza na safu ya kuongeza, na jumla ya chini hubaki ilivyokuwa. Huzungumza na wenzake wawili watatu kabla ya siku ya kikao, akawaahidi kuunga mkono jambo lao nao waunge mkono lake. Wako wanaoliita jambo hilo hila. Lakini watu wanaokaa mbali mbali, wasio na mvua sawa wala lugha moja ya nyumbani, hawana njia nyingine ya kupatana juu ya mfuko mmoja, maadamu mapatano hayo yawe ya maji na shule, yasiwe ya zabuni na jamaa.

Kuna mipaka mingine ambayo bunge haliwezi kuivuka hata kwa kura za wote. Katika muda wa miaka kadhaa, si chini ya asilimia 30 ya bajeti ya kaunti lazima iende katika maendeleo, yaani vitu vya kudumu kama majengo, mabomba na barabara. Na kwa kanuni za mwaka 2015, mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote. Kaunti nyingi za Kenya zimeshindwa kuutimiza mpaka huu wa pili, maana kuajiri ni rahisi kuliko kuachisha kazi.

Kabla ya kura, Katiba yataka wananchi waulizwe. Mikutano hufanywa, na kila mtu ana haki ya kusema au kuandika. Wengine huiona mikutano hiyo kuwa ya kutimiza ada tu, na pengine huwa hivyo kweli, hasa tangazo likibandikwa mjini jioni na mkutano ukafanywa asubuhi yake. Walakini mahakama hazikuchukua jambo hilo kuwa mchezo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa kama ipasavyo. Ushuru wote uliokuwa umepangwa katika sheria ile ukakosa msingi. Tangu hukumu hiyo makarani wa mabunge ya kaunti wamejifunza kuweka vizuri orodha ya waliohudhuria.

Mswada unapofika barazani husomwa mara tatu. Mara ya kwanza hutajwa jina lake tu, kisha hupelekwa kwenye kamati. Mara ya pili hujadiliwa shabaha yake. Kisha bunge zima hugeuka kuwa kamati, na hapo vifungu hupitiwa kimoja kimoja, na mabadiliko hupigiwa kura. Mwisho husomwa mara ya tatu na kupitishwa. Kwa kawaida kura hupigwa kwa sauti. Spika huuliza, nao wanaokubali husema ndiyo, wasiokubali husema la, naye hutangaza ni upande gani aliousikia umezidi. Wawakilishi wasioridhika waweza kudai watu wahesabiwe. Hapo kengele hulia ili walioko nje waingie, milango hufungwa, na majina huitwa mmoja mmoja.

Tofauti ya njia hizo mbili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kura ya sauti hufanya kazi upesi, lakini haiachi majina. Mwakilishi aweza kunyamaza kimya wakati fedha za kisima zinafutwa, kisha Ijumaa inayofuata akarudi kwa watu wake na kuwaambia kwamba alipigana mpaka mwisho. Hakuna karatasi ya kumsuta. Kura ya majina huandikwa katika taarifa rasmi ya bunge, na mtu yeyote ajuaye kusoma aweza kuona nani alisema nini. Kwa mambo makubwa ya fedha, inapendeza zaidi majina yaitwe, ijapokuwa kazi hiyo yachukua dakika nyingi na wengine hawaipendi.

Sasa hesabu yenyewe. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yasema kwamba akidi ya bunge ni theluthi moja ya wawakilishi wote, na kwamba shauri hukatwa kwa wingi wa waliopo na kupiga kura. Na ichukuliwe mfano wa bunge lenye watu 18. Theluthi yake ni 6. Watu 6 wakiwa wameketi, kikao ni halali. Na kama wote 6 wamepiga kura, basi watu 4 watosha kushinda. Watu wanne! Kwa kura zao bajeti ya mabilioni ya shilingi yaweza kupita, wakati wengine 12 wako safarini, au katika semina ya Mombasa, au nyumbani. Mambo hayaendi hivyo kila siku, na siku ya bajeti ukumbi hujaa. Lakini sheria haizuii. Ndiyo sababu swali la kwanza ambalo mpiga kura angemuuliza mwakilishi wake ni hili dogo: siku hiyo ulikuwapo?

Sheria hiyo hiyo humkataza mwakilishi kupiga kura katika jambo ambalo ndani yake ana faida yake ya fedha. Mwenye gari la kukodisha asiipigie kura hoja ya kukodi magari yake. Maneno ya kifungu hicho ni machache na maana yake ni nyepesi, lakini katika mji ambao kila mtu ana binamu mwenye kampuni, kukishika si kazi nyepesi.

Bunge likishapitisha mswada, hupelekwa kwa Gavana, naye ana siku 14. Aweza kuutia sahihi, au kuurudisha pamoja na maelezo ya sababu zake. Bunge laweza kuubadili kama alivyotaka. Likikataa, likaupitisha tena vilevile, hapo wingi wa kawaida hautoshi. Zatakiwa theluthi mbili za wawakilishi wote, yaani watu 12 katika ule mfano wa 18. Zikipatikana, Gavana hupewa siku 7 atie sahihi, na asipotia, mswada huhesabiwa kwamba umetiwa. Na mwaka wa fedha ukianza kabla bajeti haijapitishwa, yuko Nairobi Mdhibiti wa Bajeti, ambaye aweza kuruhusu kaunti itoe sehemu ya fedha, isiyozidi nusu ya makadirio, ili hospitali zisifungwe. Hata bajeti iliyopita vizuri haina hakika ya fedha kufika kwa wakati, kwa kuwa Hazina Kuu mara kwa mara huchelewa kuzituma, na wenye maduka na makandarasi waliotoa bidhaa kwa mkopo hungoja miezi na hata miaka.

Ugomvi baina ya bunge na Gavana umetokea katika kaunti nyingi, na Isiolo haikusalimika. Mwezi wa Juni mwaka 2025 ilitangazwa kwamba wawakilishi wa Isiolo wamepitisha hoja ya kumwondoa Gavana Abdi Ibrahim Hassan, ajulikanaye zaidi kwa jina la Abdi Guyo, aliyechaguliwa mwezi wa Agosti 2022. Hoja ya namna hiyo huhitaji theluthi mbili za wawakilishi wote, kisha mashtaka hupelekwa kwenye Seneti, Nairobi, ili yasikilizwe. Mwezi wa Julai Seneti ilikutana. Lakini kabla ya mashtaka kuguswa, upande wa Gavana ulileta pingamizi la awali, ukisema kwamba hakikuwako kikao cha bunge kilichopitisha hoja ile. Wawakilishi walishikilia kwamba waliketi na kupiga kura. Maseneta walisikiliza pande zote mbili, wakapiga kura yao wenyewe, wakalikubali pingamizi. Shauri likaishia mlangoni, na Gavana akabaki kazini.

Kama mashtaka yalikuwa ya kweli au ya uongo, hakuna aliyeyapima siku ile. Kilichopimwa ni jambo ambalo wengi huliona kuwa la makarani tu: ukumbi ulikuwa upi, saa ngapi, nani aliketi katika kiti cha Spika, siwa iliwekwa mezani au haikuwekwa, na taarifa rasmi ya maneno yaliyosemwa yasemaje. Siwa, kwa wasioijua, ni ile rungu ya heshima ibebwayo na mpambe mbele ya Spika, na jina lake limetoka katika pembe za wafalme wa pwani. Kwa desturi ya mabunge, mahali pasipokuwa na siwa na Spika, wawakilishi hata wakiwa wote ni watu wanaozungumza tu. Wananchi waliotaka mashtaka yasikilizwe walikasirika, na waliomtaka Gavana abaki walifurahi. Na baina yao walikuwako wale waliouliza kama kura za bajeti, ambazo hazikupata kupelekwa mbele ya Seneti, huwa na karatasi zilizo safi kuliko zile.

Yafaa kutajwa kwamba kukata shauri kwa kuhesabu mikono si desturi ya zamani katika nchi hii. Waborana wana dedha, baraza la wazee wa malisho, ambalo huamua ni wapi mifugo ilishwe wakati wa mvua na ni wapi paachwe kwa ajili ya kiangazi, na ni nani atangulie kunywesha kisimani. Katika dedha hakuna ndiyo na la. Wazee hukaa, husema, hurudia, na pengine hulala na kurudi kesho yake, mpaka pasiwe na mtu wa kusema hapana. Njia hiyo ni ya polepole. Faida yake ni kwamba shauri likishakatwa hakuna aliyeshindwa, kwa hiyo hakuna wa kulivunja usiku.

Njia hizo mbili zimewahi kukutanishwa, na zilikutanishwa Isiolo. Mnamo mwaka 2011 na miaka iliyofuata, hata kabla ya kaunti kuwapo, ulianzishwa hapo mfuko wa kusaidia watu kukabiliana na mabadiliko ya hali ya hewa, na Isiolo ikawa ya kwanza kuujaribu katika Kenya. Kamati za wadi, zilizochaguliwa na watu wenyewe, ndizo zilizochagua kazi za kufanya. Mpango ulikuwa kwamba asilimia 70 ya fedha ziende katika kazi zilizochaguliwa wadini, asilimia 20 katika kazi za kaunti nzima, na asilimia 10 katika uendeshaji. Watu wengi wa nje walidhani kwamba wafugaji wataomba visima vipya kila mahali. Lakini wazee walijua ya kuwa kisima kipya katika malisho ya kiangazi huita mifugo wakati usiofaa, na nyasi zikaisha kabla ya haja. Kamati zilichagua sana kutengeneza vile vilivyoharibika, kuchimbua malambo yaliyojaa mchanga, na kuwapa wazee wa dedha uwezo wa kukutana na kulinda malisho. Ukame ule mrefu ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, ambapo mvua za misimu 5 zilikosa kunyesha kwa mfululizo, uliwatesa watu wote. Lakini mahali penye kisima bila utaratibu wa malisho, mnyama alikufa karibu na maji, kwa njaa.

Mwakilishi wa Sericho wa ule mfano, basi, kabla ya kutafuta ukurasa katika kitabu cha makadirio, hana budi kwanza kuwauliza wazee kama kisima hicho kinatakiwa kuwa na injini ya kuvuta maji mwaka mzima, au injini ya kufungwa wakati wa mvua. Hilo halimo katika tarakimu.

Vikao vya Bunge la Kaunti ni vya wazi, na mtu yeyote aweza kuingia mahali pa wageni akasikiliza, maadamu anyamaze. Asiyeweza kufika aweza kuandika. Sheria ya Serikali za Kaunti humpa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa bunge, kwa maandishi, kwa Karani wa Bunge, juu ya jambo lolote lililo katika mamlaka ya bunge hilo. Ombi liseme wadi, mahali, haja ni nini, na kama jambo hilo limepata kupelekwa kwa ofisi nyingine na jibu lilikuwa nini. Anayetaka neno lake liingie katika mambo ya maji ya mwaka utakaofuata aliandike kabla ya Februari, na mwezi wa Juni aje ukumbini kusikiliza majina yakiitwa, kama yataitwa.